Nyekundu ya Nini?

Cibitoke, Bujumbura
12 Februari 2024

Saliha,

Amahoro. Nimekupigia simu mara tatu, na mara tatu umeiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe. Basi nimeamua kukuandikia. Barua huwezi kuikata; itakaa mezani ikikutazama. Anayekuletea ni Khaled wa vitenge, ambaye hupita hapo Kigoma kila baada ya wiki mbili. Mpe jibu, hata likiwa tusi.

Ni mimi Amandine. Tulikaa benchi moja miaka mitatu katika atelye ya Mwalimu Massoudi, karakana yake ya uchoraji, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa ndoo ya maji. Siku hizi nafundisha shule ya msingi, na kila Jumamosi nilikuwa namsaidia Mwalimu na watoto wapya. Nasema nilikuwa, kwa sababu Mwalimu amefunga atelye.

Sikiliza ilivyokuwa. Djibril amefungua farmasi hapa mtaani, akamwomba Mwalimu amchoree kibao. Unajua vibao vya farmasi, msalaba wa kijani, kazi ya asubuhi moja. Wiki ile watoto walikuwa wamemsafishia stoo na kuhamishia rangi zote kwenye makopo mapya. Mwalimu akaenda kuchora peke yake. Djibril aliporudi akakuta msalaba mwekundu, mwekundu kama nyama ya bucha. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama hapo ndipo pa kutolea damu, wakacheka hadi kushika mbavu. Mwalimu hakujitetea. Alikusanya brashi zake, akarudi, akafunga mlango na kunitupia ufunguo: "Shika, Amandine. Mi sifunzi tena watoto ya watu."

Wanasema ni uzee, ana sabini na moja. Labda. Lakini ni miaka thelathini na minane ya kufundisha, Saliha! Sasa napita mjini nakutana na mkono wake kila mahali. Bonfils anachora kuta za nyumba za wakubwa kule Kiriri. Lubna anatia rangi mitumbwi ya Kajaga. Aloys, yule aliyekuwa hawezi kuchora hata yai, ni muuguzi. Aliniambia kwamba anaona ugonjwa wa ini kwenye jicho la mtu kabla daktari hajafika, kwa sababu Mwalimu alimlazimisha miaka miwili kusema njano ya hii ni njano ya nini. Unakumbuka? "Sema kwanza, chovya baadaye." Hakuna aliyegusa rangi kabla hajaitaja kwa sauti. Ukisema nyekundu anakurudisha: "Nyekundu ya nini? Rangi haina jina mpaka iko na kitu."

Jumamosi watoto wanakuja, wanakuta kufuli, wanakaa kizingitini. Nilimuuliza nani ashike atelye. Alitaja mtu mmoja tu, wewe.

Njoo.

Amandine


Kigoma, 3 Machi 2024

Amandine,

Salamu nimezipokea. Umeandika vizuri, umecheza na moyo wangu kama ulivyokuwa ukicheza na brashi zangu ukidhani sioni. Jibu langu ni apana, kama tunavyosema huko kwetu. Lakini kwa kuwa umenitafuta, nitakwambia sababu, halafu tuyaache.

Ulikuwepo siku ile, mwaka 2005, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa na siku tisa tangu azikwe. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani. Kwa hiyo kaburi lake sikuliona. Nilichoona ni miguu ya kaka zangu waliporudi, na udongo walioukanyagia sakafu ambayo mama mwenyewe alikuwa akiipiga deki. Siku ya kumi nikaja atelye. Nilichora kaburi nisilolijua, na majani yote juu yake nikayatia wekundu, jani kwa jani. Nilishindwa kusema rangi. Mwalimu akanyanyua mkono kuwazuia nyinyi, akasema, "Muacheni. Leo Saliha achore kimya." Nilimpenda siku ile kuliko baba yangu.

Nilipomaliza alikuja, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Kisha akasema mbele ya wote, kwa sauti yake nzuri: "Kijani hiki kimetulia. Mama yako iko mahali pa raha."

Wote mkacheka. Na wewe ulicheka, Amandine, nilikuona.

Mpaka leo sijui nilimkosea nini hata anikejeli juu ya kaburi la mama yangu. Niliacha picha, nikaacha brashi, nikaja kwa shangazi huku. Miaka kumi na tisa. Ziwa ni lilelile, ningeweza kurudi wiki yoyote, na sikurudi. Mwambie atafute mtu mwingine wa kumchezea.

Saliha


Cibitoke, 17 Machi 2024

Saliha, dada yangu,

Ni kweli nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilidhani Mwalimu ametania na ukicheka na mkubwa unapendeza. Sina cha kujitetea. Nisamehe.

Sasa kaa chini.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa aibu. Mara ya pili nikiwa njiani nikapita mbele ya farmasi ya Djibril, msalaba bado uko pale, mwekundu. Nikasimama katikati ya njia hadi mwenye baiskeli ya taksi-velo akanitukana. Majani mekundu akayaita kijani. Msalaba wa kijani akautia nyekundu.

Nilinunua nyanya mbili, moja mbivu kabisa, moja mbichi kabisa, zinalingana ukubwa. Nikaenda kwake jioni kabla ya kufuturu, nikaziweka kwenye sahani. Nikasema, "Mwalimu, nipe ile iliyoiva." Akanyoosha mkono, akataka kuziminya kwa dole gumba, nami nikaivuta sahani. "Bila kugusa," nikasema. Alizitazama. Akanitazama mimi. Halafu akaketi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Tangu nimezaliwa," akasema. "Mama yangu ndiye alikuwa anajua, na Asiya, bibi niliyemuoa. Mungu awarehemu wote. Sasa na we."

Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, Saliha. Ni kama majani makavu, anasema. Alipokuwa mdogo alipenda kuchora kuliko kula, na wenzake walimcheka kwa mbuzi wake wa kijani. Akaapa atazijua rangi hata kama hazioni. Akawa anauliza kila mtu: mama, wauza kitenge, wavuvi. Nyekundu ya nini? Kijani cha nini? Akazishika kichwani moja moja, kila rangi na kitu chake. Unakumbuka mikato ya kisu kwenye midomo ya makopo, tuliyodhani ni alama ya kuwazuia wezi? Mkato mmoja nyekundu, miwili kijani. Watoto walipohamishia rangi kwenye makopo mapya, wakamzimia taa bila kujua.

Na ile "Sema kwanza, chovya baadaye" haikuwa adabu tu. Alikuwa anaazima macho yetu. Tulisema, naye akasikia picha. Miaka thelathini na minane alifundisha rangi kwa masikio, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Siku moja tu mwanafunzi aliruhusiwa kuchora kimya. Alikuonea huruma, akavunja kanuni yake kwa ajili yako, na hapohapo akapotea njia. Sisi tulipocheka, alidhani tunacheka kwa furaha kwamba umefarijika. Ulipokosa kurudi alikwenda kwenu mara nne. Kaka zako walimwambia umesafiri, basi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linaniumiza. Picha yako iko chumbani kwake, ukutani mbele ya mswala. Asiya alipofariki, mwaka 2017, alianza kuitazama kila alfajiri baada ya kuswali. Aliniambia, "Pale kwenye majani ya Saliha ndiko ninamuona Asiya amelala. Kijani kile kinanituliza."

Sikuweza kumwambia kwamba majani yale ni mekundu.

Amandine


Kigoma, 29 Machi 2024

Amandine,

Barua yako ilifika Jumatatu, leo Ijumaa ndiyo naanza kushika kalamu. Nimelia, halafu nimecheka, halafu shangazi akaniuliza kama nimefungua saumu kwa kitu kibaya.

Nikwambie aibu yangu. Nina wanafunzi kumi na mmoja hapa, kila Jumatano jioni, kwenye veranda ya shangazi. Juzi msichana mmoja alitaka kuchovya brashi, nikamshika mkono nikamwambia, "Sema kwanza." Akasema kijani. Nikamwambia, "Kijani cha nini?" Maneno yalinitoka kama mate. Miaka yote hii nikijivunia kwamba nimemfuta mtu yule, kumbe nafundisha kwa mdomo wake. Nilikaa chini mbele ya watoto. Wakadhani nimezidiwa na njaa.

Nawaza mpaka kichwa kinazunguka. Aloys anaona njano kwenye jicho la mgonjwa kwa sababu mtu mmoja hakuona nyekundu. Sisi sote tunaona zaidi ya wenzetu kwa sababu ilitubidi kuona kwa niaba ya mtu mwingine. Ametoa wapi kitu hiki? Asiyenacho amewezaje kutupa sisi wote, tukaondoka mikono imejaa? Subhanallah. Sina neno lingine.

Lakini picha, Amandine, usimwambie. Nakuapisha kwa urafiki wetu. Kama amemlaza Asiya pale, amwache alale. Bora mimi niendelee kuumia kidogo kuliko kumng'olea mzee kaburi la mke wake. Mwambie ni kijani. Mwambie ni kijani cha migomba baada ya mvua.

Saliha


Cibitoke, 20 Aprili 2024

Kwa binti yangu Saliha,

Asalaam aleikum. Idi imepita na mimi bado mzima, alhamdulillah. Mkono wangu umekuwa mzito, utavumilia mwandiko.

Amandine ana kila kitu isipokuwa uso wa kuficha. Wiki iliyopita aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba majani ya picha yako ni kijani cha migomba baada ya mvua. Wakati anasema alikuwa anatazama viatu vyake. Nimefundisha watu kusema rangi tangu kabla hamjazaliwa. Masikio yangu yanajua mtu anaposema anachokiona na anaposema alichotumwa.

Kwa hiyo sasa najua kwamba sijui. Na nimeanza kukumbuka vicheko vya siku ile, na mgongo wako ukitoka mlangoni.

Sikukuita kwa ajili ya atelye tu. Nilikuita kwa sababu wewe ndiye mwanafunzi pekee ambaye picha yake sikuisikia. Nyingine zote nazijua, hata zilizopotea. Nikifumba macho Bonfils bado anasema, Lubna bado anasema. Yako ilinyamaza, nikajaza mwenyewe. Labda nilikosea. Labda nilikutukana siku ya kumi ya msiba wako nikidhani nakufariji. Watu walipocheka pale farmasi niliona aibu ya mzee, itapita. Lakini hili sitalivuka. Mlango wa atelye sitaufungua kwa watoto wengine kabla sijajua nilimfanyia nini mtoto huyu mmoja.

Asiya aliniambia miaka mingi niwaambie ukweli. Nilijibu, nani atamleta mtoto wake kwa fundi wa rangi asiyeona rangi? Nilikuwa mwoga, binti yangu. Huo ndio ukweli wangu. Nipe wako.

Nakuomba useme sasa rangi nilizokusamehe kuzisema siku ile. Usinionee huruma. Niliwahi kumwonea mtu huruma, ona ilipotufikisha.

Mwalimu wako,
Massoudi


Kigoma, 2 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nimeisoma barua yako nimesimama, kama tulivyokuwa tukisimama kusema rangi. Nami nasema nimesimama.

Majani ni mekundu, Mwalimu. Yote. Kijani hakipo hata tone.

Najua utauliza, nyekundu ya nini. Kule juu, yanapogusa anga, ni nyekundu ya mawese yanapoanza kupata moto, kabla hayajatoa moshi. Katikati ni nyekundu ya kitenge alichokuwa amejifunga mama siku ya mwisho, kilichofuliwa mara nyingi mpaka kimechoka, ukikishika ni laini kama sikio la mtoto. Na chini, pale kaburi lilipo, ni nyekundu ya udongo uliokuja na miguu ya kaka zangu. Niliukwangua sakafuni kwa ukucha, nikauchanganya na rangi yako ya mkato mmoja. Ukipitisha kidole utasikia punje zake. Anga ni nyeupe, nyeupe ya uji usio na sukari. Hakuna ndege, hakuna jua.

Hiyo ndiyo picha. Nilikuwa nalia kwa brashi, wewe ukaniambia mama yangu yuko mahali pa raha. Nilisikia kejeli. Nilikuchukia, Mwalimu, nisikufiche. Nilikuchukia kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya mshahara.

Lakini sikiliza na hili, kwa sababu ulinifundisha kusema kila kilichopo. Ningetamka neno moja tu siku ile, moja, nyekundu, ungejua, ungenishika bega. Kanuni ilikuwa yako, lakini ulimi ulikuwa wangu. Na kuna kitu kingine kinachonitisha. Nilipokuwa nachora nilikuwa naomba ndani ya moyo kwamba mama awe pazuri. Niliomba hivyo kila jani. Mkono wangu ulishindwa kuliweka ombi lile kwenye ubao, ukaweka udongo tu. Wewe ukasimama nyuma yangu, hukuuona udongo, ukaliona ombi. Sijui ulilionaje. Kila nikiwaza nywele zinanisimama.

Basi Asiya asihamishwe. Picha ni yako. Kwa macho yangu ni nyekundu, kwa macho yako imetulia, na sisi wote wawili hatukusema uongo. Miaka kumi na tisa niliyokunyima salamu, hiyo ndiyo siwezi kuirudisha. Nisamehe.

Watoto wa veranda yangu wanakusalimu. Hawakujui, lakini wanasema kwa mdomo wako.

Binti yako,
Saliha


Cibitoke, 26 Mei 2024

Saliha,

Barua yako Mwalimu aliisoma peke yake chumbani. Mimi nilikaa uani na bibi jirani tukichambua ndagala, dagaa zetu za ziwani, kumbe hakuna aliyekuwa anachambua. Zilichanganyika na uchafu wake vilevile. Alikaa mpaka adhana ya alasiri. Kisha akatoka na picha yako, akaiegemeza ukutani penye jua, akapiga goti na magoti yake yale mabovu. Alipitisha dole gumba chini kabisa, pale kaburini, polepole. Akazisikia punje.

"Mutoto alileta udongo wa mama yake hapa kwangu," akasema, "na mi sikugusa. Miaka yote nilitazama tu." Akalia, Saliha, bila kuficha uso. Sikuwahi kumwona akilia.

Hakuirudisha chumbani. Alisema Asiya hawezi kukasirika kuhamia penye watoto, maana alikuwa anapenda kelele. Iko ndani ya atelye sasa, kando ya mlango, kimo cha mkono wa mtoto.

Jana ilikuwa Jumamosi. Watoto walikuta mlango wazi. Nilikuwa nimemwita Bonfils, Lubna na Aloys, naye Djibril akaja mwenyewe, na ametangaza kwamba msalaba wake hautabadilishwa, eti wagonjwa wanaupata haraka kuliko wa mtu yeyote. Mwalimu akasimama mbele yetu sote, kofia mkononi, akasema, "Nyekundu na kijani mi sizioni. Sijawahi kuziona hata siku moja. Kila kitu nilichowafunza, nyinyi ndio mulinipa kwanza. Anayetaka kuondoka aondoke, sina neno."

Bonfils, lile jitu, alijishika mdomo. Hakuna aliyecheka safari hii. Kisha msichana mdogo, Yasmina, ana miaka minane, akanyoosha mkono. Akauliza kama anaweza kuanza. Akaenda mbele ya picha yako na kusema kwa sauti ya darasani: "Mwalimu, hii ni nyekundu." Tukangoja, wote tukijua kinachokuja, watu wazima kwa watoto. Mwalimu alitabasamu hadi meno yake yote machache yakaonekana.

"Ya nini?" akauliza.

Walisema saa nzima. Aloys alisema, Lubna alisema, hata Djibril wa farmasi alisema, na Mwalimu alisimama amefumba macho, anaitikia kwa kichwa. Mimi nimekaa katika chumba kile maisha yangu yote, na jana ndiyo niliona alivyokuwa akituona.

Khaled anasema una mzigo wa turubai na kwamba umeuliza siku za magari ya Bujumbura. Sikumwambia Mwalimu, lakini uso wangu unaujua, ameshajua. Ameniagiza nikuandikie neno kwa neno: ukifika usiingie kwanza. Simama kizingitini, useme umevaa rangi gani, na ya nini.

Anangoja kuisikia.

Amandine